Zamu ya Maji

Ingvild, leo nimeandikisha wasia.
Usishtuke. Daktari hajasema lolote.
Goti ni lile lile, na moyo unakwenda
kama saa ya ukutani ya bibi yako:
unachelewa, lakini unafika.

Ofisi ya wakili mthibitishaji iko juu ya duka la viatu,
ngazi ishirini na mbili. Nikawaza:
huku Hispania, anayejiandaa kufa
sharti awe na magoti ya kijana.
Nilibeba pasipoti, kadi ya mgeni mkazi,
na cheti cha kifo cha baba yako,
kimetafsiriwa, kimegongwa mihuri mitatu,
kana kwamba mara ya kwanza hakufa vya kutosha.

Mkalimani alikuwa Eskil, kijana wa Bergen
ambaye pia huuza bima na kukodisha baiskeli.
Bi. Casilda Montoro akasoma kwa sauti, kifungu kwa kifungu.
"Muusia ana akili timamu."
Eskil akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa.
Miaka sabini na minane, na ndiyo kwanza
napewa hilo kwa maandishi.

Akauliza: "Mali yako igawanywe kwa sheria ya wapi?
Hapa unapolala, au kule ulikozaliwa?"
Kwake ni swali la kujaza nafasi.
Mimi nilinyamaza hadi mashine ya kuchapa ikajizima.
Miaka kumi na tisa nahesabu kwa Kinorwei,
nagombana na paka kwa Kihispania.
Nikasema: Norwei.
Likanitoka kama jina la mtu niliyesoma naye.

Nyumba ni yako. Hilo lilichukua dakika nne.
Vyombo, kitanda, deni dogo la paa: vyako.
Kisha nikafika nilikokuwa nakwenda
tangu ngazi ya kwanza.

Unaukumbuka mfereji, ule uliomeza kiatu chako
kiangazi kile ulichokuja na hasira zako zote?
Kila Jumanne, saa kumi alfajiri,
kwa dakika arobaini, maji ya mlima mzima ni yangu.
Nashuka na tochi na jembe,
nainua lango la bati,
na Remedios yuko pale,
ingawa zamu yake ni Alhamisi,
dakika kumi na tano, haba,
mboga zake hukauka kila Agosti.
Jumanne ya kwanza baada ya mazishi
alikuja akanishikia tochi. Hakusema kitu.
Tangu siku hiyo hajakosa, hata na homa.

Nikasema: dakika zangu arobaini, apewe Remedios.
Bi. Casilda akavua miwani.
"Maji hayarithiwi peke yake, mama.
Maji hufuata ardhi."
Eskil alilitafsiri taratibu,
kama anayemwaga kitu asikimwage chini.

Basi nikampa ardhi, ili maji yapate njia:
ukanda wa chini, hatua tisa kwa thelathini,
na michungwa mitatu, mmoja tasa.
Usinune. Sheria haikukupunja, nimeuliza mara mbili.
Yeye mwenyewe hajui.
Ukimwambia mapema atakataa, kisha ataacha kuja.

Nilitia saini. Mkono ulitulia kuliko nilivyotazamia.
Asili inabaki kabatini kwa Bi. Casilda;
Madrid wanapelekewa jina na tarehe tu.
Watajua kwamba nimesema, hawatajua nimesema nini.
Nikacheka peke yangu ngazini:
ndivyo tulivyoishi nyumbani kwetu, mimi na wewe.

Kuhusu nizikwe wapi, niliuliza.
Akasema hilo si la karatasi hii,
hilo huandikiwa watoto.
Basi nakuandikia.
Sijui bado.

Kesho ni Jumanne. Betri za tochi zimekwisha
na duka limefungwa.
Nitashuka kwa mazoea. Remedios ana yake.